Je, ni kosa kumiliki vyuma vya kufungulia makufuli kwa ajili ya kujifunza tu?

Mpangaji wa Mabatini

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Nina swali ambalo limeninyima raha kwa wiki mbili sasa, na ningependa kujibiwa na watu wanaoifahamu sheria au wanaoifanya kazi hii kwa mikono yao, maana ushauri wa kijiweni nimeshaupata wa kutosha na kila mmoja anapingana na mwenzake.

Mimi ni mpangaji wa Mabatini hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, na kazi yangu ni kutunza stoo ya duka la nyavu na vifaa vya uvuvi jirani na Mwaloni, Kirumba. Mwaka jana ufunguo wa stoo ulituponyoka ukazama ziwani tulipokuwa tukipakia mzigo kwenye mtumbwi. Tajiri akamwita fundi, nami nikadhani atakuja na msumeno. Badala yake alitoa kwenye mfuko wa shati vyuma viwili vyembamba, kimoja bapa, kingine kimepinda ncha kama ndoano. Kile bapa alikichomeka chini ya tundu la ufunguo akakikaza kwa kidole kidogo, kisha akawa anapapasa ndani kwa kile kilichopinda huku akitazama pembeni kabisa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Chai yangu haijapoa, kufuli likafunguka bila hata mkwaruzo.

Tangu siku hiyo jambo hili limenishika. Nilinunua makufuli mabovu manne kwa wauza vyuma chakavu, nikayakata kwa tupa ili nione pini na springi zake, na baadaye nikaagiza seti kamili kutoka nje: vyuma kumi na viwili ndani ya pochi, pamoja na kufuli la plastiki angavu la kujifunzia ambalo pini zake zinaonekana zikipanda na kushuka. Mzigo ulipofika kwa basi kutoka Dar es Salaam, mpokea mizigo pale stendi ya Nyegezi aliufungua mbele yangu, akaitazama pochi, akanitazama mimi, akasema, "Kijana, hivi ni vitu vya wezi. Ukikutwa navyo usiku utalala ndani."

Sijawahi kufungua kufuli la mtu mwingine na wala sikusudii. Ninachotaka kujua ni kama kumiliki tu vyuma hivi ni kosa, na kama kuna kibali ninachopaswa kukiomba mahali fulani. Nauliza pia kwa sababu mwisho wa mwezi naenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kumsalimia shangazi, nami nilitaka kubeba pochi yangu ili nijifunze nikiwa likizo, na meli ya alasiri hufika kule jua likizama. Natanguliza shukrani.

Wakili wa Nyamagana

Ndugu mpangaji, umeuliza vizuri, na huyo mpokea mizigo wa stendi, bila kujua, amekutajia kiini cha sheria kwa neno moja: usiku.

Kifungu kinachokuhusu ni cha 298 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Hicho kinawashughulikia watu wanaokutwa katika hali ya kujiandaa kutenda kosa: aliyejificha uso au kujipaka masizi, aliyejibanza ndani ya jengo, na aliyekutwa na chombo cha kuvunjia nyumba. Huyu wa mwisho sheria inamgawa mara mbili kwa kufuata saa. Akikutwa nacho usiku bila sababu halali, ni kosa, na mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu yake ni halali anaubeba yeye mwenyewe. Akikutwa nacho mchana, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo yenye kazi ya kuthibitisha kwamba alikusudia kutenda kosa. Chombo ni kilekile na mtu ni yuleyule, ila jua likishazama anayetakiwa kujieleza anabadilika. Na usiku wenyewe haupimwi kwa macho: kwa tafsiri ya Kanuni hiyohiyo, unaanza saa moja jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi. (Namba ya kifungu ninayoitaja ni ya toleo la 2022. Toleo la Mwaka 2023 la Sheria Zilizofanyiwa Urekebu limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, kwa hiyo anayefungua kitabu kipya alinganishe maneno ya kifungu, asitegemee namba peke yake.)

Sasa utaniuliza kama vyuma vyako ni "chombo cha kuvunjia nyumba". Kanuni yetu haivitaji kwa jina, wala haitaji mtaimbo, nondo au bisibisi. Lakini ukoo wa kifungu hiki unajulikana. Kanuni ya Adhabu ililetwa na Waingereza mwaka 1930, na maneno yake yanafanana sana na Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1916, ambayo iliorodhesha kabisa: ufunguo, chuma cha kufungulia kufuli, mtaimbo, na vyombo vingine vya kuvunjia nyumba. Waliotuandikia sisi waliifupisha orodha, lakini sioni hakimu atakayeshindwa kuviona vyuma vyako ndani ya maneno yaliyobaki. Usijitetee kwa kusema kwamba vyuma hivi havivunji kitu. Kifungu cha 293 kinasema kufungua mlango kwa njia yoyote ile, hata kwa kuutoa loki, kuusukuma au kuuvuta, ni kuvunja. Mtu akiingia chumbani mwa mwenzake kwa vyuma hivyo ili aibe, hata kama kitasa kimebaki kizima na kinang'aa, mbele ya sheria amevunja nyumba, na adhabu yake inafika miaka 14 jela kwa mchana na 20 kwa usiku.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: kumiliki peke yake si kosa. Kosa linazaliwa pale umiliki unapokutana na nia mbaya, au unapokutana na usiku na mwenyewe ukakosa maelezo yanayoshikika. Hayo maelezo huhitaji kuyathibitisha kwa kiwango kizito kinachotakiwa kwa Jamhuri. Inatosha mahakama ione kwamba yanaelekea kuwa ya kweli kuliko kutokuwa ya kweli. Risiti ya manunuzi, makufuli yako yaliyokatwa kwa tupa, lile la plastiki, na watu wanaojua kwamba huu ni mchezo wako vinasaidia sana. Maneno "nilikuwa napita tu" hayamsaidii mtu.

Kuhusu Nansio, ningekushauri pochi ibaki Mabatini. Ukikataa, basi iweke chini kabisa ya begi pamoja na lile kufuli la plastiki, isiwe mfukoni. Na ukisimamishwa na askari, usibishane naye hapo gatini juu ya maana ya kifungu. Jibu kwa adabu, na wakichukua mali yako, omba hati inayoonyesha kilichochukuliwa, iliyosainiwa pamoja na shahidi, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaitaka.

Fundi Tupa

Marahaba kijana wangu. Nimeyasoma ya wakili na sina la kuyapunguza, ila mimi nazungumza kama mtu aliyekaa na jiliwa na tupa karibu na Soko Kuu tangu mwaka 1994, akichonga funguo na kufungua milango ya watu.

Kwanza ondoa hofu moja. Wezi wa Mwanza hawavitumii vyuma hivyo. Nimeitwa kurekebisha milango iliyovunjwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na karibu yote ilivunjwa kwa nondo, kwa mtaimbo, kwa kukata kufuli lenyewe, au kwa jiwe, ambalo mjini kwetu halinunuliwi. Kazi ya vyuma inataka utulivu wa vidole, na mtu mwenye utulivu huo hupata riziki kwingine. Ninachowaogopa zaidi mimi ni wenye funguo malaya, wale wanaozunguka na kitita cha funguo zilizotafunwa na tupa, kwa sababu vile vitasa vya bei nafuu vilivyojaa kwenye vyumba vyetu vya kupanga vinafanana ndani kiasi kwamba ufunguo wa jirani unafungua kwako. Hilo jaribu mwenyewe leo jioni, kwa ruhusa ya jirani.

Pili, sheria iliyoandikwa ni nusu tu ya kazi yetu. Nusu ya pili ni daftari. Mimi ninalo daftari la kaunta, la ishirini na moja sasa, na hakuna mlango ninaoufungua bila kuandika jina la aliyeniita, namba ya kitambulisho chake, simu yake, saa niliyofika, na jina la mjumbe au jirani aliyesimama akishuhudia. Wateja wengine hukasirika. Mwaka fulani alinijia bwana mmoja amevaa vizuri, akataka nikamfungulie chumba Buzuruga, akasema ni cha mke wake na ufunguo umepotea. Nilipomwambia tumpitie mjumbe kwanza, akaniongezea elfu kumi juu ya bei. Nikakataa, akaongeza nyingine. Hapo nikajua. Baadaye tuliambiwa mke mwenyewe alihama kwake miezi mitatu nyuma na alikuwa amekimbilia pale kujificha. Mwingine ni mwenye nyumba anayetaka kumfungulia mpangaji anayedaiwa kodi ili amtolee vitu nje; huyo naye namrudisha, kwa sababu nyumba ni yake lakini kufuli ni la mpangaji, na ugomvi wa kodi una njia zake. Nayaeleza haya ili uelewe kwamba hata sisi tunaoishi kwa vyuma hivi, wenye duka linaloonekana na leseni ya biashara ukutani, tunajilinda kila siku kwa ushahidi.

Wewe huna duka wala leseni. Basi jiwekee kitu badala yake. Fanya mazoezi nyumbani, kwa makufuli yako, na usikubali kamwe kumfungulia mtu mlango "kidogo tu" kwa sababu amesikia kwamba unajua. Hapo ndipo vijana wanapoharibikiwa. Ombi huja kwa urafiki, tena huja usiku, na anayeomba huwa hana kitambulisho.

Ukipata nafasi, pita dukani siku ya Jumamosi asubuhi. Nitakupa makufuli ya zamani yaliyokufa kwa kutu, ujifunze kuyafufua kabla ya kujifunza kuyadanganya.

Mama Duka Kirumba

Samahani, nina swali kwa ndugu wakili. Mume wangu ni fundi wa aina hiyohiyo, na begi lake la kazi linalala chini ya kitanda chetu kila siku ya Mungu. Ikiwa kosa ni kukutwa na chombo usiku, je, mume wangu anatenda kosa kila tunapozima taa? Sitanii, kwa sababu mtaani kwetu upekuzi umewahi kupita nyumba hadi nyumba.

Wakili wa Nyamagana

Dada, swali lako limegusa mahali ambapo kifungu chetu ni kizee. Waingereza wenyewe walikwisha kuliona tatizo hilo. Walipoandika upya sheria yao ya wizi mwaka 1968, waliweka wazi kwamba kosa ni kuwa na kifaa cha wizi ukiwa nje ya makazi yako. Kifungu chetu hakina maneno hayo. Kinasema tu kuwa nacho usiku bila sababu halali, na ukikisoma kwa herufi zake hakimwachi hata aliyelala.

Hata hivyo, usimwamshe mumeo. Maneno "bila sababu halali" ndiyo mlango wa kutokea, na fundi mwenye begi la kazi chini ya kitanda chake mwenyewe anayo sababu iliyo halali kuliko zote, yaani hiyo ndiyo kazi yake na hapo ndipo anapolala. Akitunza leseni yake ya biashara na daftari kama la Mzee Fundi Tupa, maelezo yake yatachukua dakika mbili. Kijana wetu wa Mabatini yuko katika hali hiyohiyo akiwa chumbani kwake, ingawa ushahidi wake ni mwembamba zaidi, na ndiyo maana nilimtajia risiti. Hali inabadilika kabisa akitoka na vyuma vyake mlangoni saa mbili usiku, kwa sababu hapo hakuna kitanda, hakuna jiliwa na hakuna kufuli lake la kufanyia mazoezi, na askari hana cha kumhukumia ila mfuko wake.

Kamanda Mstaafu, Igoma

Nawasalimu wote. Nimekuwa kiongozi wa ulinzi shirikishi mtaani kwangu kwa miaka tisa kabla ya magoti kunikatalia, na nasikitika kwamba mazungumzo yote haya yanamhofia askari na hakimu, wakati anayepaswa kuhofiwa kwanza ni umati.

Hakimu anauliza sababu yako. Umati hauulizi. Usukumani ndiko sungusungu walikoanzia miaka ya 1980 mwanzoni, watu walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, na ingawa baadaye jambo hilo lilitambuliwa kisheria na kuwekewa utaratibu, ile desturi ya mtaa mzima kutoka pamoja yowe linapopigwa bado iko ndani ya damu zetu. Ni desturi njema yowe linapopigwa kwa haki. Lakini nimewahi kufika Igoma mwisho, yapata saa tatu usiku, nikakuta kijana amekalishwa chini katikati ya duara la watu hamsini, shati limechanika, na mbele yake wametandaza walichomkuta nacho: bisibisi mbili, koleo ndogo na spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha. Mmoja alikuwa tayari ameshika tairi. Kijana alikuwa akisema neno moja tu, "redio, redio," na hakuna aliyemwelewa. Ilitubidi tumzunguke sisi watatu kwa miili yetu mpaka mama mmoja alipotokea na kusema kwamba huyo ndiye aliyemtengenezea redio yake alasiri hiyo, na kwamba ile spoku huitumia kuvuta waya. Ndipo watu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, bila hata kumwomba radhi.

Kifungu cha 298 kisingemsaidia kijana yule chochote. Kilichomwokoa ni kujulikana na mtu mmoja. Kwa hiyo, kijana wa Mabatini, kabla hujamtafuta wakili, nenda kwa mjumbe wako na kwa mwenyekiti wa mtaa, mchana, ukiwa na pochi yako na lile kufuli la plastiki, uwaonyeshe linavyofanya kazi. Watacheka, watakuuliza maswali ya kipuuzi, na watakukumbuka. Hakuna muhuri utakaoupata kwa kufanya hivyo, na kibali unachokiuliza ndicho hicho.

Mtoto wa Ukerewe, Hamburg

Nimeona Nansio imetajwa, nikashindwa kunyamaza. Mimi nasoma Ujerumani, na katika mji huu ninaoishi ndipo ilipoanzishwa mwaka 1997 klabu ya watu wanaofungua makufuli kama mchezo, kwa jina lake SSDeV. Uholanzi kuna wenzao wanaoitwa TOOOL. Wanakutana, wanawekeana muda, wanashindana na kushikana mikono kama wachezaji wa bao. Miiko ya mchezo huu ni miwili: usifungue kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe, na usifungue kufuli linalotumika, hata likiwa lako. Mwiko wa pili huwashangaza wageni. Sababu yake ni kwamba pini zinaweza kukwama au springi kuruka, na ukajikuta umejifungia nje ya chumba chako usiku wa manane, na vyuma mkononi. Baada ya kuyasoma ya wakili, nadhani mnaona ubaya wake.

Msidhani kwamba huku nje kote ni uhuru mtupu. Japani ilitunga sheria mwaka 2003 inayokataza kabisa mtu kuwa na vifaa maalumu vya kufungulia bila sababu ya haki. Marekani kila jimbo lina lake. Mengi yanaangalia nia, lakini Virginia, kwa mfano, kukutwa navyo kunachukuliwa kuwa dalili ya nia mbaya mpaka wewe uonyeshe vinginevyo. Na hapo jirani zetu Kenya, usiku wa kanuni yao ya adhabu unaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, nusu saa kabla ya wetu, jambo ambalo anayevuka mpaka wa Sirari kwenda Kisumu na begi la fundi angefaa kulijua.

Kamanda amenikumbusha habari ya Alfred Charles Hobbs, Mmarekani aliyekwenda London kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1851. Alifungua kufuli la Chubb lililosifiwa kuwa halifunguki, kisha akaliendea la Bramah, lililokuwa limekaa dirishani mwa duka kwa miongo kadhaa likiwa na ahadi ya zawadi ya gini 200, fedha ya Waingereza ya zamani, kwa atakayeliweza. Lilimchukua zaidi ya saa 50 zilizogawanyika katika siku 16. Hakuna aliyempeleka polisi, kwa sababu alifanya kwa ruhusa ya wenyewe na mbele ya waamuzi waliokubaliwa na pande zote.

Nisalimie Nansio ukifika.

Mpangaji wa Mabatini

Nawashukuru wote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Nimefanya kama Kamanda alivyoniagiza. Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, nilimwendea mjumbe wetu, mzee mtaratibu ambaye muda mwingi hukaa chini ya mwembe akishona nyavu. Nilimfungulia lile kufuli la plastiki mara tatu. Mara ya nne akaniomba ajaribu mwenyewe, na alipoiona pini ya mwisho ikipanda na silinda ikazunguka, alicheka mpaka mke wake akatoka ndani kuuliza kulikoni. Ameniandika kwenye daftari lake, jina na namba ya chumba, na mbele yake ameandika "mchezo wa makufuli". Mwenyekiti wa mtaa sijampata bado. Nimeambiwa nirudi Alhamisi.

Kabla sijaondoka, mjumbe akasema kwamba kwa kuwa nimejileta mwenyewe, banda lake la kuku lina kufuli ambalo ufunguo wake umepotea tangu Krismasi, na wamekuwa wakiwapitisha kuku dirishani. Nilikumbuka mwiko wa pili wa ndugu wa Hamburg, lakini kufuli lilikuwa la kwake, yeye mwenyewe amesimama hapo, na jua bado liko juu ya mwamba wa Bismarck. Nilipiga magoti mbele ya banda kwa zaidi ya saa nzima. Lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba pini hazikunyanyuka hata moja, na chuma changu kimoja kikakatikia ndani. Kuku walinitazama muda wote huo.

Mwishowe mjumbe alimtuma mjukuu wake dukani, akarudi na wembe wa msumeno wa shilingi elfu mbili, tukalikata kufuli kwa dakika nne. Mtoto alitoka nao dukani mkononi, akapita barabarani mbele ya watu wote, na hakuna aliyemuuliza anaupeleka wapi.

Pochi itabaki Mabatini nitakapokwenda kwa shangazi. Mzee Fundi Tupa, Jumamosi nitafika, na nitakuja na kile kipande kilichokatika ili unionyeshe nilipokosea.